Jeli ya nyuzi nano: Je, dawa za protini zitafika Mantapala kupitia puani?

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala yako katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, upande wa mashariki wa Ziwa Mweru. Serikali ya Zambia, kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR, iliyafungua mwezi Januari 2018. Miezi kadhaa kabla ya hapo maelfu ya watu walikuwa wamevuka mpaka wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Kiswahili walikuja nacho kutoka Pweto, Moba na vijiji vilivyo katikati, na Kibemba wanakitumia na majirani zao Wazambia sokoni na kwenye foleni ya zahanati.

Kwa mkazi wa huko anayehitaji dawa iliyotengenezwa kwa protini, dawa hiyo inakuja na masharti mawili mazito. La kwanza ni baridi: kwa kawaida inatakiwa ihifadhiwe kati ya nyuzijoto 2 na 8 tangu kiwandani hadi kwenye kituo cha afya. La pili ni sindano, pamoja na mtu aliyefunzwa kuidunga. Insulini ya wagonjwa wa kisukari imo katika kundi hili. Imo pia oksitosini, ambayo mama hudungwa mara tu baada ya mtoto kuzaliwa ili mfuko wa uzazi ubane na damu isimwagike. Chanjo za malaria za RTS,S na R21, zinazoihusu sana Nchelenge kwa kuwa ni miongoni mwa wilaya zinazoathirika zaidi na ugonjwa huo nchini Zambia, nazo ni protini. Kuanzia Septemba hadi Novemba joto la mchana huko hupita nyuzijoto 30, na mvua zinapoanza barabara za udongo hugeuka matope. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa hospitali ya St. Paul's iliyoko Kashikishi, kando ya ziwa.

Watafiti nchini Japani, Marekani na barani Ulaya wamekuwa wakifanyia kazi njia nyingine: jeli laini, iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba mno, ambayo hupuliziwa puani ikiwa imebeba protini na kuiachia polepole. Ahadi yake inasikika kama jibu la masharti yote mawili. Ukiichunguza kwa makini, utaona kwamba inajibu sharti moja vizuri zaidi kuliko jingine.

Kwa nini protini haimezwi

Swali la kwanza ambalo msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini dawa hizi zisitengenezwe kuwa vidonge. Jibu ni kwamba tumbo halitofautishi insulini na kipande cha samaki. Vyote ni protini, na kazi ya tumbo ni kuzikatakata protini ziwe vipande vidogo vya lishe. Insulini iliyomezwa humeng'enywa kabla haijafika kwenye damu.

Pua ina faida ambayo tumbo halina. Ndani yake kuna utando wenye eneo la takriban sentimita mraba 150, uliojaa mishipa midogo ya damu iliyo karibu sana na uso. Dawa inayopenya hapo huingia katika mzunguko wa damu moja kwa moja, bila kupitia tumboni wala kwenye ini kwanza. Haihitaji sindano wala maji safi ya kumezea, na mzazi anaweza kuitumia nyumbani kwa mtoto aliyepoteza fahamu. Ndiyo maana katika miaka ileile ya 1920, mara tu insulini ilipoanza kutumika kwa binadamu, madaktari walikwisha kujaribu kuipitisha puani. Matokeo yalikuwa dhaifu. Katika karne iliyopita tangu hapo, sehemu kubwa ya utafiti wa eneo hili imekuwa juhudi za kueleza udhaifu huo na kuurekebisha.

Mlango wenye walinzi

Udhaifu huo una sababu tatu, na zote zinatokana na ukweli kwamba pua iliumbwa kuzuia vitu visiingie.

Kwanza ni ute. (Katika vyumba vya habari tumewahi kubishana iwapo tuandike "ute wa puani" au "kamasi", neno la pili ndilo linaloeleweka na kila mtu, ingawa wahariri wengine huliona si la staha. Hapa nitayatumia yote mawili.) Kamasi hufunika utando wote wa pua na halitulii. Chini yake kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kwa pamoja, kama makasia ya mtumbwi mmoja, na kulisukuma kuelekea kooni kwa mwendo wa milimita tano hivi kwa dakika. Tone la dawa likianguka hapo, baada ya dakika 15 hadi 20 sehemu kubwa huwa imekwisha kusukumwa kooni na kumezwa.

Sababu ya pili ni ukubwa wa molekuli. Seli za utando wa pua zimeshikana kwa viungo vilivyobana. Molekuli ndogo hupenya, lakini zile zenye uzito unaozidi daltoni 1,000 hupita kwa shida, na kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo kiasi kinachopenya kinavyopungua. Oksitosini, mnyororo mfupi wa asidi amino tisa, ina daltoni 1,007, yaani imesimama mlangoni kabisa. Glukagoni ina karibu 3,500 na insulini karibu 5,800. Protini za chanjo ni kubwa zaidi ya hapo mara nyingi.

Sababu ya tatu ni vimeng'enya. Pua nayo inavyo, ingawa si vikali kama vya tumboni, na huanza kuikata protini inapokaa hapo.

Mfano wa karibuni unaonyesha uzito wa sababu ya kwanza. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Oxford kilitangaza kwamba jaribio dogo la kuitumia chanjo ya AstraZeneca dhidi ya UVIKO-19 kama dawa ya kupulizia puani halikuzaa kinga ya kutosha. Chanjo ilikuwa ileile iliyofanya kazi ilipodungwa begani. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa na watafiti ni kwamba huenda sehemu kubwa ya dawa ilimezwa na kuharibiwa tumboni.

Wavu ndani ya maji

Hapa ndipo jeli inapoingia. Wavuvi wa Ziwa Mweru wanaovua chisense, dagaa wadogo wa ziwa hilo, wanajua kwamba wavu wenye matundu madogo hushika samaki wengi ilhali wenyewe ni uzi mchache tu katika maji mengi. Jeli ya nyuzi nano imejengwa hivyohivyo. Zaidi ya asilimia 95 yake, na katika baadhi ya aina zaidi ya asilimia 99, ni maji. Kilichobaki ni nyuzi zilizopishana na kushikana, na nyuzi hizo ndizo zinazoyafanya maji yasitiririke. Uzi mmoja una unene wa nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko uzi huo mara maelfu kadhaa.

Nyuzi hizo hupatikana kwa njia zaidi ya moja. Njia rahisi kueleweka ni kuzichambua kutoka katika vitu vya asili. Mbao imejengwa kwa selulosi, na katika Chuo Kikuu cha Tokyo Akira Isogai na wenzake waligundua namna ya kuzitenganisha nyuzi za selulosi hadi kufikia unene wa nanomita tatu au nne kwa kemikali na nguvu ndogo ya kusaga. Maganda ya kaa na kamba wa baharini nayo yana kitini, ambayo hutoa nyuzi za aina hiyo, na kitini ikibadilishwa kidogo huwa kitosani. Kitosani ni muhimu katika habari hii kwa sababu mwaka 1994 timu ya Lisbeth Illum nchini Uingereza ilionyesha kwamba huongeza kiasi cha insulini kinachopenya puani kwa kondoo. Ina chaji chanya, hivyo hunata kwenye kamasi lenye chaji hasi, na inalegeza kwa muda vile viungo vinavyobana seli.

Njia ya pili inashangaza zaidi: nyuzi zinazojifuma zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shuguang Zhang, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, alikuwa akichunguza protini ya hamira aliyoiita zuotini. Ndani yake aliona kipande kifupi ambamo asidi amino zinazopenda maji na zile zinazoyakimbia zimepangwa kwa zamu. Kipande hicho kilipotengenezwa peke yake na kuwekwa katika maji yenye chumvi, vipande viligeuziana pande zao zinazoyakimbia maji, vikapangana bega kwa bega, vikawa nyuzi, na nyuzi zikawa utando unaoonekana kwa macho. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa peptidi ya RADA16, yenye asidi amino 16. Ikiwa kwenye chupa ni majimaji. Ikikutana na chumvi za mwilini hugeuka jeli. Madaktari wa upasuaji tayari wanaitumia kuzuia damu, pamoja na ndani ya pua, jambo linaloonyesha kwamba utando wa pua unaweza kuivumilia, angalau kwa matumizi ya mara moja.

Sifa inayozifanya jeli hizi zifae puani ni tabia yake ya kubadilika. Ikisukumwa kwa nguvu ndani ya tundu la kifaa cha kupulizia, nyuzi huachiana na jeli hutiririka kama maji. Ikitua kwenye utando na kutulia, nyuzi hushikana tena ndani ya muda mfupi. Uji mzito hauwezi kufanya hivyo. Kwa njia hiyo jeli hukaa puani muda mrefu kuliko tone la kawaida, na protini iliyonaswa ndani yake hutoka kidogo kidogo ikiwa imeugusa utando.

Yote hayo yanadai uwiano mgumu. Matundu ya wavu yakiwa makubwa, protini hutoka yote kwa pamoja na jeli haina maana. Yakiwa madogo mno, au nyuzi zikiwa na chaji inayovutana na protini, dawa hubaki ndani hadi jeli nzima itakaposukumwa kooni. Jeli nzito haipuliziki, na jeli nyepesi humwagika mdomoni. Vilevile mgonjwa anataka kupumua. Pua iliyozibwa kwa jeli mara tatu kwa siku, kila siku, si jambo ambalo mtu atalivumilia kwa miaka.

Hesabu ya kipimo

Kuna jambo ambalo taarifa nyingi kuhusu teknolojia hii hulipita haraka, nalo ni hesabu. Tuseme jeli nzuri inafanikiwa kupitisha insulini kwa asilimia 10 ya kile kinachopatikana kwa sindano. Kwa viwango vya puani hayo ni mafanikio makubwa, kwa kuwa bila msaada wowote kiasi kinachopenya huwa karibu na asilimia moja au chini yake. Mgonjwa anayedungwa uniti 10 kabla ya chakula atahitaji kupuliziwa uniti 100. Insulini ya kawaida ina uniti 100 katika mililita moja. Tundu moja la pua hubeba mililita 0.1 hadi 0.2 kabla dawa haijaanza kutiririka. Kwa hiyo dozi hiyo haiingii puani, labda insulini hiyo ikolezwe mara kadhaa; na hata ikiingia, uniti tisa katika kila kumi zinapotea. Kwa kituo cha afya kinachohesabu chupa zake mwisho wa mwezi, dawa inayotumia insulini mara kumi zaidi haiwezi kuitwa nafuu.

Zaidi ya hapo, insulini haisamehe makosa. Ikizidi, sukari ya damu hushuka na mgonjwa anaweza kufa. Pua hubadilika kila siku: mafua, vumbi la kiangazi, moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha. Asilimia 10 ya leo inaweza kuwa asilimia 4 kesho na 15 keshokutwa. Kwa sababu hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, mgonjwa wa kisukari si mtu wa kwanza atakayenufaika na jeli hizi, ingawa yeye ndiye anayetajwa mwanzoni mwa karibu kila taarifa inayozihusu.

Kifaa nacho kina usemi wake. Nchini Marekani, jaribio lililopewa jina la SNIFF liliwapulizia insulini puani watu 289 wenye matatizo ya kumbukumbu, kwa kuwa sehemu ya juu ya pua iko karibu na ubongo na dawa inaweza kuufikia kwa njia hiyo. Kifaa cha kwanza hakikufanya kazi kwa uhakika, ikabidi kibadilishwe jaribio likiendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha manufaa yaliyotarajiwa.

Mahali ambapo pua imeshinda

Si kwamba pua imeshindwa kila mara. Desmopresini, homoni inayopunguza mkojo, imetumika kwa njia ya pua kwa miongo kadhaa. Hupenya asilimia chache tu, lakini ina nguvu kubwa kiasi kwamba hizo chache zinatosha. Mfano wenye mafunzo zaidi ni glukagoni. Homoni hii humwokoa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hadi akapoteza fahamu. Kwa miaka mingi ilikuja kama unga wa kuchanganywa na maji, kisha kuvutwa kwa sindano na kudungwa, na yote hayo yalifanywa na ndugu aliyeshikwa na hofu. Mwezi Julai 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha glukagoni ya unga wa kupulizia puani, inayouzwa kwa jina la Baqsimi.

Inafaa kuangalia kwa nini hiyo ilifaulu. Dozi ni moja, haipimwi kwa uangalifu wa uniti moja moja. Kilicho puani ni miligramu 3 mahali pa miligramu 1 ya sindano, na kuzidi kidogo hakuleti maafa. Hutumika mara chache maishani, hivyo utando wa pua hauchoki. Mgonjwa halazimiki kuvuta pumzi. Tena ni kavu, na huhifadhiwa hadi nyuzijoto 30 bila jokofu. Haina jeli ndani yake. Ina kemikali inayosaidia upenyaji, na ina ukavu.

Ukilinganisha masharti hayo na kazi ya maabara, chanjo ndiyo inayofanana nayo zaidi. Chanjo hutolewa mara moja au mbili, kinga ya mwili haidai kipimo cha usahihi wa insulini, na haihitajiki protini yote ifike kwenye damu. Inatosha seli za kinga zilizo puani zikutane nayo na zipate muda wa kuitambua. Muda huo ndio hasa ambao jeli inauza. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Japani, akiwemo Hiroshi Kiyono wa Chuo Kikuu cha Tokyo, lilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba protini ya sumu ya botulini ikibebwa na jeli ya chembe nano puani huamsha kinga kwa panya. Nchini Marekani, kundi la Joel Collier limetumia nyuzi za peptidi zinazojifuma, na mwaka 2018 lilieleza jinsi zilivyozalisha seli za kinga zinazobaki kwenye mapafu ya panya bila kuongezewa kichocheo kingine. Kwa magonjwa yanayoingia kwa hewa, kama mafua, kinga ya aina hiyo inasimama pale mlangoni ambapo sindano ya begani haifiki. Kwa malaria, ambayo vimelea vyake huingia kwa mbu na kukimbilia kwenye ini, faida hiyo haiko wazi.

Ikumbukwe kwamba panya ana pua ndogo na kamasi lake husafiri umbali mfupi. Dawa nyingi za puani zilizong'ara kwa panya zilififia kwa binadamu.

Zambia imewahi kuikwepa sindano

Nchelenge haina haja ya kusubiri maabara ili kujua nini hutokea dawa inapohama kutoka kwenye sindano. Zambia ina uzoefu wake, ingawa wa dawa isiyo protini na wa tundu jingine la mwili. Artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa hupewa mtoto mwenye malaria kali kijijini, ili apate muda wa kufikishwa hospitali. Katika mradi ulioendeshwa wilayani Serenje, mkoa wa Kati, mwaka 2017 na 2018, wahudumu wa kujitolea wa afya walipewa dawa hiyo pamoja na baiskeli zenye machela za kubebea wagonjwa. Vifo vya watoto wenye malaria kali katika eneo la mradi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Kisha dawa ileile ilipofuatiliwa kwa kiwango kikubwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda kati ya 2018 na 2020, manufaa hayo hayakuonekana. Watoto wengi walipewa dawa ya kwanza lakini hawakufikishwa hospitali, au walifikishwa wasipate matibabu kamili. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliyataka mataifa yasitishe kuisambaza zaidi hadi mwongozo mpya utakapotolewa, na mwongozo huo ulikuja mwaka 2023 ukisisitiza kwamba dawa hiyo itumike pale tu ambapo rufaa na matibabu kamili yapo. Dawa ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni baiskeli, barabara, na kilichokuwa kikimsubiri mtoto mwisho wa safari.

Joto halijaondoka

Linabaki sharti la baridi. Watu hudhani kwamba dawa isiyo ya sindano haihitaji jokofu pia, lakini mambo hayo mawili hayafuatani. Protini huharibika kwa joto kwa sababu mkunjo wake hufunguka, na ikiwa ndani ya jeli yenye maji asilimia 95 bado imo majini. Nyuzi zinaweza kuishikilia protini isigongane na nyingine na kuganda, na katika hali fulani hilo husaidia. Wapo watafiti wanaoikausha jeli yote iwe unga au kidonge kinachorudi kuwa jeli kikiguswa na ute. Njia hiyo inatoa matumaini zaidi kwa nchi za joto kuliko chupa ya majimaji. Kipimo cha kawaida ambacho bidhaa hupewa ni kukaa miezi sita katika nyuzijoto 40 na unyevu wa asilimia 75. Taarifa ya utafiti inayokaa kimya kuhusu kipimo cha namna hiyo bado haijazungumza na Mantapala.

Mara nyingine joto limeshindwa bila kubadili njia ya dawa. Karbetosini, ndugu wa oksitosini aliyetengenezwa upya ili astahimili joto, ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi, zikiwemo Kenya na Uganda, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Ilizuia damu kwa kiwango kisicho chini ya oksitosini, na huhifadhiwa nje ya jokofu. Inadungwa kama kawaida. Mkunga wa kijijini, ukimpa achague, huenda angeichukua hiyo kabla ya jeli yoyote, kwa maana sindano anaijua na jokofu hana.

Barani Afrika wapo pia wanaofanya kazi ya nano wakianzia na magonjwa ya hapa. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza utafiti wa kubeba dawa za kifua kikuu na malaria kwa chembe nano katika baraza la utafiti wa kisayansi na viwanda la Afrika Kusini, CSIR, mjini Pretoria, kabla ya kujiunga na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha. Lengo lilikuwa kupunguza idadi ya vidonge ambavyo mgonjwa humeza. Jeli za puani zinazobeba protini, kwa upande wake, kwa sehemu kubwa bado ziko kwenye hatua za maabara na wanyama.

Kinachojulikana leo kuhusu insulini

Kwa mgonjwa wa kisukari anayesoma makala haya akiwa kambini, ugunduzi wenye manufaa ya haraka ulitoka katika kambi nyingine. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilirekodi joto ndani ya nyumba za Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab kaskazini mashariki mwa Kenya, na kukuta likipanda na kushuka kati ya nyuzijoto 25 na 37. Chuo Kikuu cha Geneva kikaweka insulini za aina mbalimbali katika joto hilohilo maabarani kwa wiki nne, muda ambao kwa kawaida chupa moja iliyofunguliwa hutumika. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2021 yalionyesha kwamba zilibaki na nguvu karibu sawa na zile zilizokaa kwenye jokofu.

Kabla ya hapo, wagonjwa wasio na jokofu katika sehemu nyingi walilazimika kwenda kituoni kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja, ili wadungwe huko huko, na wengine waliacha kabisa. Matokeo ya Geneva yanawapa wahudumu msingi wa kumruhusu mgonjwa aliyefunzwa aondoke na chupa yake. Chupa hiyo isiachwe juani, na isigande kwa barafu, kwa kuwa kuganda huiharibu insulini moja kwa moja. Mtungi wa udongo wenye maji, ukiwekwa kivulini penye upepo, huipunguzia joto zaidi, hasa wakati wa kiangazi hewa inapokuwa kavu. Anayetaka kuanza kuhifadhi insulini nyumbani azungumze kwanza na mhudumu wa kituo chake, amwonyeshe mahali atakapoiweka, na waandike pamoja kwenye chupa tarehe ilipofunguliwa.